Sifuri Ambayo Pelagia Hakuiandika

Mzee ambaye Pelagia hakumjua alisimama mlangoni mwake saa nane mchana. Alijitambulisha kuwa Felisiani, mvuvi wa huko rasini. Alifuata kifaa cha kupima joto la sanduku la samaki, ambacho Pelagia alikuwa akiwatengenezea wavuvi. Waliahidiwa kukipata Jumatatu, lakini gari la barafu la kubeba samaki lilikuwa linaondoka leo saa kumi na moja, na lingine ni wiki ijayo.

Pelagia alikuwa amekwisha vaa viatu. Saa kumi na nusu basi alilopanda Mugeta, aliyesoma naye chuo, kutoka Nairobi kwenda Mwanza, lingesimama Bunda dakika ishirini. Miaka miwili hajamwona. Alitaka tu kuona kama bado anakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko. Bunda ilikuwa mwendo wa saa moja na nusu; ili amuwahi, ilimbidi aondoke saa tisa.

Programu ya kifaa ilikuwa tayari, ila kompaila, inayogeuza maandishi ya lugha ya C kuwa lugha ya mashine, iligoma kwa onyo moja: joto huenda likatumika kabla halijapewa thamani. Onyo la uongo. Joto lilipewa thamani pale tu kihisio, kinachopima ndani ya sanduku, kilipojibu, na mistari arobaini chini likatumika pale tu kihisio kilipojibu. Kompaila haikuona kwamba masharti hayo mawili ni kitu kimoja.

"Yaani inakushtaki kosa ambalo hujafanya?" Felisiani akauliza baada ya kuelezwa. "Kama mama mkwe wangu wa Butiama."

Njia ya mkato ilikuwepo: kuanza kwa kuandika kwamba joto ni sifuri, kompaila inyamaze. Lakini chuoni, wakitumia kompyuta moja, Mugeta alimfanya aahidi kutofanya hivyo kamwe. Siku mtu akikosea kweli, alisema, kompaila haitasema, na kifaa kitaonyesha sifuri, baridi safi, huku samaki wanaoza.

"Weka hiyo sifuri uende zako, mwanangu. Samaki wanaozaga tu. Sisi tutajuaje?"

"Hamtajua, baba. Ndiyo maana."

Akavua viatu, akaketi. Akayaunganisha masharti mawili kuwa moja, kompaila ijionee yenyewe, kisha akajaribu kila hali upya, kihisio kikiwepo na kikichomolewa. Saa tisa ikapita.

Saa kumi na nusu Mugeta akapiga simu, akauliza amsubiri upande gani wa stendi. Pelagia akamwambia hatakuja, na kwa nini.

"Hukuweka sifuri," Mugeta akasema taratibu.

"Sikuweka."

Saa kumi na dakika hamsini kompaila ikakubali bila neno. Felisiani akakipokea kifaa kwa mikono miwili, akaharakisha kulifuata gari la barafu. Basi lilikuwa limekwisha toka Bunda.