Aliyevalishwa Barakoa ya Mwantumu

Semkiwa analala. Halali kwa kupenda, analala kwa kuchoka kukasirika, jua la mchana likichoma pale Kipawa na ndege zikimpitia juu ya bati kama zinamtambia. Kichwani ana swali moja, lile lile la tangu mazishi: ni mwanamume gani yule? Maana mkewe Mwantumu, mhudumu wa ndege, alifia angani siku hewa ilipovuja ndani ya ndege, na wakubwa wa kampuni walipokuja na tai zao, wakakaa kwenye kochi lake wakanywa soda yake, walisema marehemu ndiye aliyekosea. Alivua barakoa yake ya hewa akamvalisha abiria mmoja, mwanamume. Utaratibu unasema uvae yako kwanza, mzee. Hawakusema raba ya mlango ilichakaa tangu lini. Hawakusema kwa nini kapteni alichelewa kuishusha ndege huku chini kwenye hewa. Na huyo abiria ni nani? Hiyo ni siri ya kampuni, mzee. Basi wakamwachia mwanamume asiye na jina wala sura, na mwanamume huyo anamla moyo kila siku, kwa sababu utaratibu ule Semkiwa anaujua. Mwantumu alipokuwa akijifunza kazi, ni yeye Semkiwa, fundi magodoro, aliyemtengenezea barakoa mbili za mazoezi: vikombe vya mtindi, mpira wa chupi, na mfuko mtupu wa maziwa ukining'inia chini ya kila kimoja. Yeye alikuwa abiria, juu ya kigoda. Na kila mara alivua yake makusudi akaleta ubishi: dada, huu mfuko mbona hauvimbi? Mnatuvalisha makopo? Mwantumu alicheka, akavua ya kwake, akamvisha yeye, akamshika mashavu kwa mikono miwili. Semkiwa mume wangu, vuta. Mfuko hauvimbi lakini hewa ipo. Ulikuwa mchezo wao wa chumbani, wa watu wawili. Sasa kuna mtu kachezewa huo huo mchezo juu ya mawingu.

Bati linafunguka kijidirisha kidogo, kikombe cha njano kinadondoka, kinaning'inia mbele ya pua yake. Anakivuta kama alivyofundishwa na chumba kizima kinanyanyuka. Godoro linakuwa kiti, kiti kinakuwa viti, na katikati ya viti kuna njia ndefu isiyo na mwisho, yenye zulia, na Semkiwa anaifuata peku. Kulia na kushoto kuna madirisha, na ndani ya kila dirisha kuna mji wa vioo umepinduliwa juu chini, na ndani ya kila mji kuna Semkiwa mwingine anayekwenda peku akimtafuta mwanamume. Hilo linamchoma: hata huko wapo wanaomtaka mke wake. Anakuja mhudumu, sare imenyooka, kitambaa shingoni, ila penye uso hakuna uso, kuna kikombe cha njano tu. Dada, yule aliyevalishwa na mke wangu kakaa wapi? Kakaa ulipokuwa umekaa wewe. Mimi sijawahi kupanda ndege, nimekaa kwenye kigoda! Basi si unapajua, kwa nini unaniuliza? Ni mbali? Ni pumzi moja ya mtu asiye na wivu. Dada, acha maneno ya ofisini, mimi sikusoma, nionyeshe kwa kidole. Mhudumu ananyoosha kidole mbele, na nyuma, na mbele tena, kama wahudumu wanavyoonyesha milango ya dharura, na njia inageuza mwelekeo hapo hapo.

Anapita walipokaa wakubwa. Viti vyao vipana, na kila mmoja kajifunga barakoa tatu, moja puani, moja mdomoni, moja kaishika akiba. Uchunguzi unaendelea, mzee, wanasema kwa pamoja. Unaendelea mpaka lini? Mpaka na mimi nife? Ikiwezekana, mzee. Karibu soda. Semkiwa anawatemea maneno ambayo hayaandikiki na kuendelea. Hewa inakuwa nyepesi. Kucha zake zinageuka rangi ya samawati, na kicheko kinampanda bila sababu. Hapo anakumbuka Mwantumu alivyomweleza: hewa ikipungua mtu halii, anachekacheka kama mlevi, na macho yanamdanganya, anaweza kumwita jirani yake mama. Anajua ni hatari. Anajua avae ile ya njano aliyokuja nayo mkononi. Havai. Kwanza amwone yule mtu.

Na anamwona. Yuko kiti cha dirishani. Semkiwa alishamjenga akilini mwaka mzima: mrefu, tajiri, saa ya dhahabu, sauti ya redio. Kumbe ni kijibaba chenye masikio makubwa, sweta limetoboka kiwiko, maganda ya karanga mapajani. Usoni kavaa barakoa, si ya njano. Ni kikombe cha mtindi, mpira wa chupi, mfuko wa maziwa. Ni wewe? Ni mimi, kaka. Naitwa Lyatuu. Ulimfanya nini mke wangu mpaka akakupa pumzi yake? Sikumfanya kitu. Yangu niliivua, mfuko haukuvimba, nikajua wametuvalisha makopo. Nikamwambia hivyo. Akacheka. Alikuchekea! Alicheka sana, kaka, kucha zake za samawati. Akavua ya kwake akanivisha, akanishika mashavu. Semkiwa hataki kusikia zaidi. Anashika ule mpira kwa mikono yote miwili, anauvuta, kijibaba kinakuja nao, pamoja na masikio yake. Kivue! Huo ni wa nyumbani kwangu, nimeushona mimi! Kichukue, anasema Lyatuu, nimechoka kukivaa. Ila nisaidie jambo moja, linaninyima usingizi. Aliniita jina si langu. Nilitaka kumwambia dada umekosea mtu, akawa keshaanguka.

Jina gani?

Alisema, Semkiwa mume wangu, vuta.

Katika kila mji wa vioo, kila Semkiwa ameacha kutembea. Wivu bado uko kifuani, haujaondoka, ila sasa hajui aupeleke kwa nani: mtu aliyekuwa akimtafuta aliitwa kwa jina lake mwenyewe. Lyatuu anavua kikombe, anakifikisha usoni kwa Semkiwa, naye kwa mazoea ya kale anaanza ubishi, mbona mfuko hau... na zulia linapasuka, ndege inashuka kwa kichwa, masikio yanaziba, yanazibuka.

Yuko juu ya godoro lake. Jua lile lile. Kikombe cha mtindi kiko usoni, na hakumbuki kukitoa kwenye msumari wa ukutani. Kiunoni kuna kitu kimembana, labda kikoi, labda mkanda wa kiti, haangalii. Kwenye bati juu yake pana mwanga mdogo wa mraba ambao jana haukuwepo. Mtu anapumua karibu yake, au ni yeye mwenyewe.

Anavuta. Mfuko hauvimbi. Anavuta tena.