Mguu wa Kuku

Mtu wa Mombasa akisema Jumamosi zake anazimalizia kifudifudi kwenye nyasi, huko Marekani mbele ya mji wa Anoka, bunduki begani, akitafuta doa lililo umbali wa yadi elfu moja, watu humtazama usoni kuona kama ana homa. Mke wangu Faiza alinicheka mwaka mzima, kisha akazoea. Wenziwe wana waume wa mpira na waume wa siasa za nyumbani, yeye kapata wa shabaha. Na mchezo wenyewe ni wa kizee: unalala, unatazama upepo, unashusha pumzi, unafyatua, halafu unakasirika.

Asiyejua habari hizi alikuwa mama mkwe wangu, Bi Bimkubwa, aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Kila akiwasha televisheni ya Marekani anaona mtu kaingia dukani na bunduki, kwa hiyo mimi na Faiza tulikubaliana tusimtie presha bure. Bunduki ilikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na Jumamosi zangu ziliitwa "michezo". Mama hakuuliza michezo gani. Kwetu mtu na mkwewe wana haya. Mimi nimeketi pale pale mezani, na bado atamwambia Faiza, "Mwulize baba Aaliyah kama ataongeza chai." Huko chini hakuwahi kuteremka hata siku moja.

Sasa mguu. Bunduki ya mchezo huu, upande wa mbele, husimama juu ya kifaa chenye miguu miwili, na sisi Wakenya tunaoshindana huko tunakiita mguu basi. Mguu mbaya utakuaibisha mbele za watu. Wangu wa zamani ulikuwa mrefu na mwembamba. Kila nikifyatua unaruka kushoto, na mimi naanza kulitafuta doa upya kama niliyepoteza miwani.

Nikaenda mji wa jirani, Champlin, kwa Griffins, Mkenya mwenzetu, fundi wa chuma anayetengeneza vitu hivi kwenye gereji yake. Akanipa miwili nikaijaribu. Wa kwanza ulikuwa mfupi, unakunjika kwa kidole kimoja, lakini ulikuwa bado na kirukaruka chake. Wa pili ulikuwa mpana, chini una vyuma bapa vya kuteleza. Bunduki ikipiga teke, mguu huo unarudi nyuma moja kwa moja na doa linabaki pale pale kwenye darubini. Kasoro yake ni kwamba haukunjiki. Kuutoa ni mpaka ukae na ufunguo wa skrubu.

"Hiyo ya kwanza ina-hop, boss," Griffins aliniambia. "Hii ina-slide straight. Mimi naiita mguu wa kuku."

Ni kweli ulitanuka kama kuku aliyesimama kwenye matope. Lakini kila Mkenya anajua jina hilo kwa maana yake nyingine: mguu wa kuku ni bastola, tena ile ya majambazi. Tulicheka mpaka nikashika meza. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, ila nani anawakumbuka wahenga akiwa gereji?

Jumatano alasiri nilikuwa chini nafanya mazoezi bila risasi. Faiza alikuwa kazini kwake Saint Louis Park, na binti yetu alikuwa juu na bibi yake. Mstari mrefu kuliko yote huko chini unaanzia mashine ya kufulia na kuishia kwenye ngazi, kwa hiyo nilibandika doa jeusi kwenye kidato cha chini, nikalala nyuma ya bunduki na kufyatua, tik, tik. Mguu wa kuku ulitulia kama umeota sakafuni. Griffins akanipigia kuuliza nimeamua nini.

"Nimekata shauri," nikamwambia. "Nachukua mguu wa kuku. Jumamosi nitawapiga wote, hatabaki mtu."

Nilimaanisha nitawashinda. Hivyo ndivyo tunavyosema wachezaji, tukiwashinda watu tumewapiga. Lakini kwenye sakafu ya sebule yetu kuna tundu la hewa ya moto, lenye wavu, na kila kinachosemwa chini kinapanda nalo. Bi Bimkubwa alikuwa amekaa karibu nalo kwa ajili ya baridi.

Yaliyofuata niliambiwa baadaye. Angekuwa mwanawe angeshuka na kandambili mkononi amwulize ana wazimu gani. Mimi ni mkwewe, akaona haya. Akajitanda mtandio, akaenda nyumba ya pili kwa Lynette, nesi, mtu wa Eldoret, na kumwambia aliyoyasikia kwa masikio yake. Lynette alimwuliza tena na tena kama ana hakika. Kisha akalia, kisha akawapigia polisi. Simlaumu. Ningesikia maneno hayo ya mume wa mtu mwingine, ningepiga simu kabla yake.

Mimi nilikuwa bado nimelala pale, najisifu, niliposikia Mama, aliyekwisha kurudi, akifungua mlango, kisha buti juu ya kichwa changu. Hazikuwa za mtu mmoja. Halafu sauti ya mwanamume, ya upole uliozidi, ikauliza kwa Kiingereza kama kuna mtu mwenye silaha ndani ya nyumba.

Niliogopa. Sitaki kulipamba neno hilo. Nikajiona mtu mweusi mwenye jina la Uthman, amelala chini ya nyumba nyuma ya bunduki iliyoelekezwa kwenye ngazi ambazo polisi watashukia. Nilichomoa komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, nikalisogeza mbali. Bila komeo bunduki ni bomba tu. Lakini anayeshuka ngazi atajuaje? Yeye ataona mdomo wa mtutu.

Kuiinua bunduki sikuthubutu, nisije nikakutwa nayo mikononi, nikataka kukunja mguu ili ilale. Haukunjiki. Ufunguo uko mezani, na kwenda mezani ni kukokota kiti kilichoziba njia, na kiti kitapiga kelele. Nikausukuma kwa kiganja ugeuke pembeni. Ukateleza nyuma, ukateleza mbele, ukakaa pale pale ukilitazama doa. Uzuri wote niliokuwa nikimsifia Griffins sasa ulikuwa unanichimbia kaburi.

Juu, Bi Bimkubwa alikuwa analia. Kiingereza hajui, kwa hiyo aliyebaki wa kusema alikuwa binti yangu Aaliyah, ambaye hajamaliza hata shule ya msingi. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza, na mafumbo ya Kiswahili hajui hata moja.

"Waambie, mjukuu wangu," nikamsikia Mama. "Babako kanunua mguu wa kuku. Uko kuko huko chini. Asema Jumamosi atawapiga wote."

Nikafumba macho. Neno moja la mtoto lilikuwa linatosha kuniua.

"My grandma says Dad bought a chicken leg," Aaliyah akawaambia. Akaendelea kwamba hilo paja la kuku liko chini, na kwamba Jumamosi baba atawashinda watu wote, maana huko kuwapiga kwangu amekuzoea.

Polisi mmoja akakohoa, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko, na mimi huko chini nikapata pumzi ya kwanza. Polisi wa pili hakucheka. Alimwuliza baba atawashinda watu gani. Wa mashindano. Mashindano ya nini? Na Aaliyah, ambaye tumemlea asiseme uongo, akajibu kwamba ni ya bunduki, na bunduki iko chini na Dad.

Buti zikahama. Nikajua sasa wanakuja, na wakinikuta karibu na kile kitu mambo yamekwisha. Nikaita kwa Kiingereza kwamba napanda mwenyewe na mikono yangu ni mitupu. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, ilikuwa nyembamba kama ya mgonjwa. Wakaniambia nipande polepole, mikono juu.

Nikapanda zile ngazi huku mtutu wangu mwenyewe ukinielekea mgongoni. Nilisoma shahada kimoyomoyo. Mlangoni niliona kwanza uso wa Aaliyah, kisha bastola mbili. Wakanilaza kifudifudi, mimi bingwa wa kulala kifudifudi, goti mgongoni, pingu mikononi, na mwanangu akawa anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "What did he do?"

Mmoja akateremka. Nilihesabu hatua zake kwa moyo wangu. Katikati ya ngazi akapiga ukelele, na yule aliyenishika akanikandamiza mpaka meno yangu yakagonga sakafu. Alikuwa ameuona. Bunduki imesimama peke yake, imetulia tuli, inamwangalia. Lau angefyatua, wa juu naye angefyatua, na aliyekuwa chini ya wa juu ni mimi.

Hakufyatua. Akaona hakuna mtu nyuma ya bunduki. Aliporudi jasho lilikuwa limemlowesha kola, na alipokuwa ananifungua pingu ufunguo ukawa unakosa tundu. Naye alikuwa ameogopa. Akauliza habari za paja la kuku. Nikamwambia ni jina tulilokipa kile kifaa cha kusimamishia bunduki, na huo ulikuwa ukweli mtupu, ingawa haukuwa wote. Akatazama karatasi zangu za bunduki, akaniomba siku nyingine nisiielekeze kwenye ngazi, wakaondoka.

Bi Bimkubwa alikuwa ameketi sakafuni karibu na ule wavu. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanitazama machoni na kuniita kwa jina.

"Uthman, niwie radhi, mwanangu. N'liona haya kukuuliza."

"Haya zetu hizi, Mama," nikamwambia, "leo kidogo zinizike."

Akanishika kichwa kama mtoto, tukalia wote wawili. Nikamweleza habari yote, mchezo, nyasi, doa, mguu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mambo ya watu wazima kulalia matumbo hayaelewi, lakini uongo wetu mimi na Faiza anauelewa vizuri. Faiza aliporudi alipata sehemu yake.

Alhamisi nikamrudishia Griffins mguu wa kuku. Akaugeuza mikononi akitafuta ubovu.

"Ina-hop?"

"Haurukiruki hata kidogo. Ndio mguu bora niliowahi kuutumia."

"Sasa shida nini?"

"Haukunjiki."

Nikamsimulia. Hakucheka, hata nilipofika kwenye paja la kuku. Akaenda kwenye bunduki yake mwenyewe iliyokuwa ukutani na kunionyesha mguu uliokuwa chini yake. Ulikuwa ule mfupi, wa kukunja kwa kidole.

"Hii ndiyo natumia," akasema. "Hiyo ingine nauzia wazungu."

Jumamosi nilipigwa na watu ambao sikuwahi kupigwa nao. Mguu mfupi niliouchukua badala yake uliruka, doa likapotea, nikalitafuta, upepo ukageuka. Nilirudi nyumbani nimeshindwa vibaya, na mikono na kichwa vyote vipo.

Siku hizi mazoezi yangu yamebadilika. Nageukia ukuta wa nyuma, siyo ngazi, lakini hilo pekee halikumridhisha mama mkwe, ambaye sasa anateremka mwenyewe na kuketi kwenye kidato cha chini, mtandio umemfunika magoti. Aaliyah anabaki juu. Nikishalala na kutulia, anagonga mlango kwa ngumi na kuita "Police!" kwa sauti nzito anayoiona ya kuchekesha sana. Hapo natoa komeo, nakunja mguu, nalaza bunduki, nainua mikono.

"Umechelewa," Bi Bimkubwa ananiambia. "Tena."