Sauti Iliyomkuta Mama Ndani ya Eda

Mwalimu Alya alituapia. Nasema alituapia, wala simsingizii. Aliinua kishikwambi mbele ya darasa letu la kidato cha tatu pale Ole, Pemba, akasema: "Unasema lililo moyoni, linaingia humu, na programu inakufundisha namna ya kuubeba huo mzigo. Hasikii mtu. Wallahi hasikii mtu." Akamalizia na methali, maana walimu kwa methali hawajambo: "Mficha maradhi kifo kitamuumbua."

Mie nikamwamini. Mie Kazija, ambaye mama huniita mbishi tangu nanyonya.

Na programu yenyewe ilikuwa nzuri, haki ya Mungu. Sauti ya dada mmoja mpole ilitueleza kwamba moyo kwenda mbio bila ya kukimbia si shetani, na kukosa usingizi baada ya msiba si wazimu. Baba yangu, Haidar, alikuwa kafa msimu ule ule wa karafuu, kaanguka mkarafuuni. Tangu hapo nikikaa darasani nasikia tawi linakatika. Nyumbani nitasema na nani? Mama yuko eda, ndani na nguo zake nyeupe, na kila anayekuja kumfariji anamwambia asilie sana.

Basi nikavaa hedifoni nikasema yote. Nikasema baba aliamka na homa siku ile. Nikasema mama ndiye aliyemhimiza: "Zile za juu zitachanua ziharibike, panda hivyo hivyo." Nikasema jamaa wa baba hawajui, na kwamba nampenda mama yangu lakini siku nyingine siwezi kumtazama usoni. Nilipomaliza nilijihisi mwepesi, na siku ile nikala wali wote.

Sasa sikia. Wazee walikuwa hawaitaki programu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Pemba uchaguzi ukikaribia kila cha bure kinanuka. Mzee Khatib alisema waziwazi kwamba watoto wanachukuliwa sauti zipelekwe Unguja. Mwalimu Alya akaitisha mkutano wa wazazi apate kuwalainisha, na unajua aliwachezea nini? Sauti yangu! Kumbe yote tuliyosema yalibaki mle kishikwambini, naye anayafungua. Kaibadilisha kwa kompyuta ikawa nzito, jina langu kalikata, akaona kamaliza. Mtu wa mjini Chake huyo. Hapa Ole ukisema mtu kapanda mkarafuu na homa yake akaanguka, unataka jina la nini tena?

Hesabu yake nyingine aliniambia baadaye kwa mdomo wake mwenyewe: "Nilijua mama yako yuko eda, hatoki."

Hatoki, ndiyo. Lakini kwetu mwanamke wa eda haachwi peke yake, majirani humletea dunia mpaka mkekani. Mzazi mmoja aliirekodi sauti ile kwa simu, ikaingia kwenye kundi la wanawake la WhatsApp. Bi Mwanamize, jirani yetu, hakuwa mkutanoni, na alikuwa kasikiliza mwanzo tu, pale ninaposema nimefiwa na baba. Hana baya moyoni Bi Mwanamize, ila hana subira. Akaja nayo mbio kwa mama.

"Hebu msikilize mtoto huyu, mwenzangu. Naye kafiwa na babake. Ujue hauko peke yako."

Mie nilikuwa uani napepeta mchele. Nikasikia homa. Nikasikia "panda hivyo hivyo". Nikaangusha ungo nikaingia ndani, nikamkuta Bi Mwanamize keshafahamu, anaibonyezabonyeza simu na simu haizimiki. Mama alimshika mkono.

"Iache," akasema. Akaisikiliza mpaka mwisho.

Alasiri ile ile alikuja shangazi Kijakazi, dada yake baba. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni akasema, "Kumbe ndugu yangu umemuua kwa karafuu!" Tangu siku hiyo jamaa wa baba hawakukanyaga kwetu, na majirani nao ghafla wote wakawa na shughuli nyingi.

Mwalimu Alya alikuja mwisho wa wiki. Hakuthubutu kuingia kwa mama, tulizungumza barazani. Alinitaka radhi, alilia hata, lakini hakuweza kujizuia: "Wazazi wote wamekubali, Kazija. Sauti yako imewasaidia wenzako." Ebo! Kumbe nimshukuru? Akanipa kishikwambi, ati niendelee na somo la huzuni nyumbani. Nilimrudishia mapajani mwake.

"Mwalimu, mie nilikuwa na mzazi mmoja tu aliyebaki," nilimwambia. "Nenda zako."

Nikaingia ndani na hasira zangu. Mama alikuwa kakaa pale pale mkekani. Nikapiga magoti nimwombe radhi, akanizuia.

"Ulilolisema ni kweli," akasema. "Nami nilijua kama ulisikia. Nilikuona siku ile umesimama mlango wa uani na ndoo."

"Sasa mbona hukuniambia kitu, mama?"

"Nilikuwa nakungoja wewe. Kila ulipopita hapo nilisema leo atakuja, ataniuliza, tutalia sote." Akaivuta shuka yake nyeupe mabegani. "Ukaenda kumwambia Mwalimu Alya."

Nilitaka kusema kwamba sikumwambia yeye. Nikamwangukia mapajani nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Mama hakunisukuma, lakini mkono wake hakuuweka juu yangu.