Jabali Alizama au Hakuzama

Mashua ilikuwa nzuri. Hilo hata waliokataa kuipanda walilikubali. Mayaka alikuwa ameipaka rangi ya samawati kutoka omo hadi tezi, na ubavuni, mahali ambapo wengine huandika maneno ya Zaburi, akamchora Jabali, shujaa wa vitabu vya katuni: kifua kama gunia la mahindi, joho jekundu likipepea nyuma, ngumi moja imenyooshwa kuelekea Tanzania. Chini yake aliandika jina kwa herufi nyeupe zenye kivuli. Tangu aanze kuandika "Hoteli" na "Kinyozi" kwenye kuta za mji wa Migori, hakuwa amefanya kazi bora kuliko hiyo.

Kwa hiyo Filister alipoingia katika kibanda chake mjini, Mayaka alidhani amekuja kumsifu.

"Mayaka," alisema Filister kabla hajaketi, "umenichorea maiti."

Filister alikuwa na mashua tano pale Karungu, kando ya ziwa. Hakuwa na desturi ya kupaza sauti, kwa kuwa hakuwahi kuihitaji. Nyuma yake alisimama nahodha wake, Dishon, kofia mkononi kama mtu aliyefika matangani.

"Maiti gani, Mama? Huyo ni Jabali. Jabali hafi."

"Omera, ndugu yangu, alizama," alisema Dishon. "Kuna jamaa wa studio ya picha kutoka Homa Bay, anaitwa Duke. Alikuja kwetu kupiga picha za harusi. Akaiona mashua, akacheka mpaka akashika mti. Akatuuliza, 'Mtu alizama jana, leo mnamrudisha majini?' Tangu hapo vijana wangu wanapungua. Huyu anaumwa tumbo, yule ameota ndoto."

"Nawe?"

"Mimi tumbo langu ni zima. Lakini sipandi."

Mayaka alizaliwa katika vilima vya Kisii, ambako maji mengi kuliko yote ni yale ya kwenye mtungi. Hakuwa amelifikiria jambo ambalo kila mtoto wa ziwani alilijua: jina hurithishwa ili mwenye jina arudi, na kwa hiyo huchaguliwa jina la mtu aliyekufa vizuri. Mtoto hapewi jina la aliyezama, sembuse chombo.

"Jumapili nitakuja dukani kwa Mohamednur," alisema Filister. "Wanasema vitabu vya huyu mtu viko huko. Ukinionyesha kwa kitabu kwamba yuko hai, mashua inaingia majini na zile nne nyingine utazichora wewe. Usiponionyesha, utaikwangua kwa mkono wako, na zile nne nitampa yule fundi anayechora samaki."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyouma. Mayaka alizijua kazi za yule fundi. Samaki wake walikuwa na kope.

*

Mohamednur aliuza nguo za mitumba, na kila bunda la nguo lilipokuja na bunda la vitabu, aliviweka vitabu kwenye rafu ya nyuma, akaweka benchi, akatoza ada ndogo kwa kila anayesoma hapo hapo. Vitabu vya katuni ndivyo vilivyolijaza benchi. Kasoro yake ilikuwa moja: vilifika bila majalada. Huko vilikotoka, mwenye duka asiyeuza nakala huchana jalada na kulirudisha kwa mchapishaji ili afidiwe, kisha nakala yenyewe inapaswa kutupwa. Hizi hazikutupwa. Lakini namba na mwezi vilikaa kwenye jalada, hivyo wasomaji wa Migori walipanga mfuatano wa hadithi kwa akili zao wenyewe, na akili hizo hazikuwa zimekubaliana hata mara moja.

Hilo halikudhuru kitu hadi ilipokuja ile hadithi kubwa, Vita vya Mbingu Saba, ambamo mashujaa wa vitabu saba tofauti walikutanishwa kupigana na adui mmoja, Malkia Msumeno. Ilianzia kitabu cha shujaa huyu, ikarukia cha yule, ikaishia cha wa tatu. Benchi la Migori lilipata vitabu vinne. Kimoja kilionyesha Jabali akizama baharini, amelaliwa na mnara wa saa. Kingine kilionyesha Jabali akifunga ndoa. Mayaka alikuwa Msabato, na kufufuka hakukumsumbua. Aliweka harusi mwisho, akaridhika.

Duke naye alikuwa amesoma kwenye benchi hilo hilo kabla ya kuhamia Homa Bay. Huko, sokoni, alivipata vile vitatu vilivyokosekana, na tangu hapo hakuwa mtu wa kukaliwa karibu kwa majivuno.

Jumapili alikuja navyo ndani ya mfuko wa nailoni, amevaa tai.

"Umevaa tai kwa sababu ya katuni?" aliuliza Mohamednur.

"Nimevaa kwa sababu ya msiba. Namzika Jabali rasmi."

Filister alikalishwa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Dishon alisimama mlangoni, ambako angeweza kutoka iwapo mambo yangekuwa mabaya. Vitabu saba vikalazwa juu ya meza ya nguo, kwa mara ya kwanza pamoja.

Duke alianza kwa kufunua kitabu chake cha kwanza. "Mazishi haya hapa. Jeneza, bendera, mashujaa wenzake wanalia. Mama, nikusomee?"

"Naona jeneza," alisema Filister.

"Mazishi siyo mwisho," alisema Mayaka. "Wanawazika kila mwaka na kila mwaka wanarudi. Wakimwua kabisa, mwaka kesho watauza nini?"

"Buda, hapo ndipo unapoiharibu hadithi! Kama kila mtu anarudi, hiyo siyo hadithi, ni tangazo la sabuni. Hiki kifo ndicho kitu cha maana pekee walichoandika. Mashujaa thelathini na tisa wengine hawana kazi. Yule wa barafu anasema neno moja katika vitabu vyote saba!"

"Anasema 'Tazameni!'" alikubali Mayaka kwa uchungu. Juu ya yule wa barafu walikuwa na msimamo mmoja.

"Mimi sijasoma hata kimoja," alisema Mohamednur, "lakini nauliza. Watu arobaini wenye nguvu wameuangusha mnara wa mji. Nani anaulipia? Wallahi, ningekuwa na duka pale chini, ningemuunga mkono huyo adui."

"Sheikh, hebu ngoja. Mkanda!" Duke alipiga meza. "Katika harusi mkanda ni wa njano. Akizama, ni mweusi. Akizikwa, ni mweusi. Kwa hiyo harusi ilikuwa kabla."

"Huyo ni mchoraji mwingine. Kila kitabu kina mchoraji wake, na kila mchoraji ana mkanda wake. Hapa ana vidole vinne. Utasema vilikatwa?"

Dishon alicheka mlangoni. Filister hakucheka, lakini aligeuka kumtazama Mayaka kwa namna iliyomtia moyo, na Duke akalegeza tai.

Mayaka alivuta kitabu cha pili cha Duke ili aendelee kumponda. Hakuwa amewahi kukiona. Ndani yake Malkia Msumeno anaingia mjini kwa mara ya kwanza, na kwa kujionyesha tu anaupitisha msumeno wake mbele ya mnara wa saa na kuukata mshale mfupi katikati. Ulikuwa mchoro mzuri. Mayaka aliutazama kwa jicho la fundi, kisha jicho hilo hilo likaanza kumsumbua.

Alikifungua kitabu cha harusi. Bwana harusi, bibi harusi, keki. Nyuma ya keki, dirisha. Ndani ya dirisha, mnara.

Mnara uliomzamisha Jabali ulikuwa umesimama. Bado angeweza kusema ulijengwa upya, na hoja yake ingesimama. Lakini kwenye uso wa saa mshale mfupi ulikuwa kigutu, umekatwa pale pale katikati. Na hakuna mji duniani, hata usimamiwe na watu wa namna gani, unaojenga mnara mpya na kuuwekea saa yenye mshale uliovunjika. Huo ulikuwa mnara ule wa kwanza. Harusi ilikuja kabla ya kuzama.

Duke alikuwa bado anazungumza juu ya mkanda. Hakuna mwingine aliyekuwa amekiona kigutu kile. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele. Mayaka alitamani, kwa muda mfupi, kuwa mtu asiyeona vizuri. Akawaza mashua nne zenye samaki wa kope. Akamtazama Dishon, ambaye alikuwa ameanza kuvaa kofia yake kama mtu aliye tayari kurudi kazini, na ambaye angeingia majini kwa neno lake.

"Nyamaza kidogo, Duke," alisema. "Mkanda hauthibitishi kitu. Hiki ndicho kinachothibitisha."

Akawaonyesha mshale mzima ukikatwa, kigutu nyuma ya keki, kisha mnara ukianguka. Alieleza polepole, kwa utaratibu, kama mtu anayepima ubao wa jeneza lake mwenyewe.

"Kwa hiyo alioa, halafu akazama," alisema Filister.

"Ndiyo, Mama. Kwa vitabu hivi saba, alizama."

Duke aliinua mikono kushangilia, akagundua hakuna mwenzake, akaishusha. "Lakini hiyo hoja ni kali," alimwambia Mayaka kwa sauti ya chini. "Ningeipata mimi, ningeiandika kwenye ukuta wa studio."

Dishon alivua kofia tena. Mayaka alianza kuvipanga vitabu, akitafuta maneno ya kuombea muda wa kukwangua.

"Ngoja," alisema Filister. "Huyu mwanamke ni nani?"

Kidole chake kilikuwa juu ya Malkia Msumeno: mwanamke mpana, taji la meno ya chuma, msumeno mrefu kuliko mashua zake zote tano zikiunganishwa.

"Huyo ni adui, Mama."

"Anafanya nini hapa?"

"Anaipasua bahari. Msumeno wake hukata maji, njia inafunguka, yeye anapita."

"Anazama?"

Mayaka na Duke walitazamana. "Hapana," walisema pamoja.

"Katika vitabu vyote?"

"Mwishoni anatembea anaenda zake," alisema Duke. "Hiyo ndiyo inauma."

Filister alikiinamia kitabu. Mwaka huo magugu maji yalikuwa yameifunika ghuba ya Karungu kama shamba la mtu mvivu. Mashua zilitoka kwa kusukumwa na kurudi kwa kuvutwa. "Msumeno kama huu," alisema, "hata magugu unakata."

"Mama, huyo ni mwovu!" Mayaka alisahau adabu. "Ameua watu kumi na mmoja wenye nguvu!"

"Ameangamiza sayari mbili!" Duke alimuunga mkono. Ilikuwa siku yao ya kwanza kuwa upande mmoja.

"Sayari zangu?" aliuliza Filister. "Mimi hajanikosea kitu. Nichoree huyu. Zote tano, na msumeno uelekee mbele."

"Sasa hiyo napanda," alisema Dishon.

"Si niliwaambia?" alisema Mohamednur, akikusanya nguo zake mezani.

*

Siku mashua ya kwanza ilipoingia majini, Duke alikuja na kamera kuipiga picha. Malkia Msumeno aling'aa ubavuni, meno ya msumeno yakianzia pale ilipokuwa ngumi ya Jabali. Dishon na vijana wake, matumbo yote yamepona, waliisukuma hadi kwenye magugu.

"Nina habari," Duke alimnong'oneza Mayaka. "Bunda jipya limefika Homa Bay. Kuna kitabu ndani, Jabali yuko hai, anatembea mjini."

"Mnara upo?"

"Upo. Mshale ni mzima."

"Basi ni kitabu cha zamani, kabla haujakatwa."

"Nilisema hivyo pia. Lakini ukurasa wa tatu wanamzika Malkia Msumeno."

Mayaka alifikiri. Kama kitabu kilikuwa cha zamani, Malkia alikuwa ameshafufuka mara moja. Kama kilikuwa kipya, aliyefufuka ni Jabali, mnara umejengwa upya na kuwekewa saa mpya, na ubavuni mwa mashua kuna maiti tena.

"Kina jalada?"

"Kitatoa wapi jalada?"

"Basi hatujui."

"Nyinyi wawili!" Dishon aliita kutoka majini, kasia limesimama hewani. "Mnasema nini huko?"

Mayaka aliipangusa brashi yake kwenye suruali. Mashua nne zilikuwa zimepinduliwa ufukweni, zinamngoja.

"Tunasema ni mashua nzuri!" alijibu.