Nondo wa Njano Kwenye Mpera

Kila Justa alipompangusa mwanawe jicho, Scola alipiga yowe jipya. Mtoto wa miaka miwili tu, na tangu asubuhi jicho lilikuwa limevimba hadi likajifumba lenyewe. Justa akachovya tena kwenye maji pindo la kitenge alichojifunga shingoni. Mtoto akipofuka, atamweleza nini baba yake aliye kazini Kasanga?

"Ni yule mdudu," alisema Coleta, mama mkwe wake, akinyoosha kidole kwenye mpera nje ya dirisha. "Nilimkuta Scola kamshika."

Mama mkwe naye, kwa kusingizia wadudu! Wale nondo wadogo wa njano, vipepeo wa usiku wapole kama maua, hawana mwiba wala meno. Angesema viwavi washawasha, wale wenye manyoya, sawa. Mwezi uliopita waliutafuna mpera huo na kumwachia Justa vipele shingo nzima, kisha wakatoweka wote, naye akamshukuru Mungu.

Akapangusa tena. Scola akajinyonganyonga kwa maumivu. Hapo hapo shingo ya Justa ikaanza kuwaka moto. Alipojikuna, vidole vikagusa vipele, vile vile vya mwezi uliopita.

Alimwachia Coleta mtoto, akatoka mbio hadi kwenye mpera. Kwenye panda za matawi palikuwa na vifuko vya nyuzi, vimesukwa pamoja na manyoya ya washawasha. Kwenye kimoja nondo wa njano alikuwa anajikwamua, manyoya yale yale yamemganda mkiani. Kumbe hawakwenda popote! Walijifungia humo, wakaota mabawa, wakatoka na muwasho wao. Na kwenye tawi hilo ndipo alipoanika kitenge jana.

Kitenge alichojifunga. Kitenge alichompangusia mtoto tangu asubuhi.

"Mama, mmwagie maji jichoni, mengi! Usimfikiche!" alipiga kelele, akakifungua kitenge na kukitupa mbali. "Mvue na nguo! Halafu twende hospitali!"

Coleta akamwaga jagi zima, na jingine. Kope zikaachana taratibu. Jicho jekundu likatokeza, likahangaika huku na huku, likamwona Justa, aliyekwisha kurudi hadi mlangoni.

"Mama!" Scola akamnyooshea mikono.

Justa alitamani kumkumbatia kuliko kitu chochote duniani. Akaitazama mikono yake, nayo sasa inawasha kwa manyoya yale yale.

"Usije kwangu, mwanangu," alisema huku analia, akarudi nyuma.