Gramafoni ya Marehemu

Shemeji yangu Lazarus aliniita kwake Kitengela aniuzie gramafoni ya mume wangu. Ndiyo, mmesikia vizuri. Mume ni wangu, gramafoni ni ya mume wangu, na muuzaji ni ndugu yake.

Wakhungu alipofariki mwaka wa tisini na saba, tulimzika kwao Bungoma, na siku ya tatu, siku ya kunyoa nywele za wafiwa, wazee wakakaa kugawa vitu vyake. Mila ni mila. Lakini Lazarus na mdogo wake Brayo waliigombania gramafoni mpaka mzee mmoja akachoka, akaigawa kama anayegawa kuku: Lazarus achukue mashine, Brayo achukue santuri. Kila mtu akaridhika. Hakuna aliyejiuliza mashine bila santuri italia vipi. Mimi nilipewa pole.

Katika zile santuri ilikuwamo moja ambayo Wakhungu mwenyewe aliimba enzi za ujana wake, na bendi iliyovunjika kabla haijajulikana. Sijawahi kuona nyingine popote. Elsie wetu alikuwa mtoto wa mgongoni baba yake alipokufa, na siku hizi ananiuliza sauti yake ilikuwa nzito au nyembamba. Sauti utaielezaje? Kwa hiyo nilimeza hasira nikaenda. Asubuhi hiyo nilimwambia Elsie apanguse meza, kwamba leo atamsikia baba. Mashine ningeitoa kwa Lazarus, halafu santuri ningeifuata kwa Brayo, Kisaju.

"Mama Elsie, karibu," Lazarus akasema. "Nimenunua DVD, hii inanimalizia nafasi tu. Niko na watu wengi wanaitaka, lakini wewe ni wetu. Nitakufanyia bei ya nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akacheka. Lazarus hucheka asipoelewa, na akielewa pia.

Bei ilikuwa ya kutupa, lakini wanasema rahisi ghali, kwa hiyo niliikagua kama Wakhungu alivyonifundisha. Nikakizungusha kwa kidole kile kisahani kinachobeba santuri. Kikaenda kimya, bila kukwaruza. Nikaichomeka kwa stima na kutega sikio, mota haikunguruma. Nikauinua mkono wake, nikaitazama sindano penye mwanga wa dirisha. Ilikuwa bado kali. Watu wengi hubandika sarafu juu ya mkono ili sindano isiruke, na sarafu hiyo ndiyo hutafuna santuri. Huu haukuwa hata na alama ya gundi. Mkanda ulikuwa umelegea kidogo, lakini mkanda ni mpira tu, unabadilishwa.

Nilitaka iwe mbovu, nasema kweli. Ningepata la kumtukania. Kumbe ilikuwa nzima, kwa sababu haikupigwa hata siku moja tangu waibebe. Kutoka Kitengela hadi Kisaju ni karibu, barabara moja ya Namanga, na ndugu hawa wawili hawakuwahi kukutanisha mali yao wamsikilize ndugu yao. Hilo liliniuma kuliko siku walipoibeba.

"Si iko sawa?" Lazarus akauliza.

"Iko sawa. Lakini sinunui bila kuisikia. Huna santuri hata moja?"

"Hizo ni za Brayo." Akakuna kichwa. "Ngoja. Margaret! Si bibi ya Brayo alituletea moja Krismasi?"

Margaret, mke wake, akatoka jikoni na njugu karanga. "Si ndiyo hii," akasema, akaiweka mbele yangu.

Lilikuwa bakuli jeusi lenye ukingo wa mawimbi. Mnayajua mabakuli hayo. Unalainisha santuri kwa maji moto, unaikandamiza juu ya sufuria, ikipoa unaipamba mezani.

"Bibi ya Brayo ni fundi," Margaret akaendelea. "Ametengeneza zote, akauza, mpaka watu wa Bisil wanachukua. Hii alisema ikuwe ya huku kwa sababu iko na jina ya familia. Kula, mama."

Nikala. Sikujua mikono yangu ifanye nini kingine. Njugu zilipopungua, karatasi nyekundu ya katikati ikaanza kuonekana, kisha jina la bendi, kisha Wakhungu.

"Sasa Mama Elsie, unabeba?" Lazarus akauliza.

"Gramafoni ni nzuri sana, shemeji. Endelea kuitunza."

Nikamwomba Margaret lile bakuli. Alinipa kwa moyo mmoja, na njugu zilizobaki akanifungia kwa gazeti.

Nyumbani Elsie alikuwa amepangusa meza, tena ametandika kitambaa. Akalipokea bakuli, akasoma jina la baba yake polepole, akaliweka sikioni. Kisha akaniangalia.

"Mama, hii ndiyo inaimba?"

"Ilikuwa inaimba," nikamwambia, "kabla baba zako wadogo hawajairithi."