Zamu ya Vikombe Kumi

Asubuhi ya kugawa zamu za maji, Anold alifika ndivani na ndoo ya rangi aliyoiosha vizuri, akaiweka juu ya ukuta, kisha akawaomba watu wasiuegemee ule ukuta kwa sababu kiraka cha saruji kilikuwa bado kibichi. Ndiva ni bwawa dogo la tangu enzi za mababu, huko juu Mamba, milimani Upareni. Usiku linajaa maji ya kijito cha msituni, alfajiri linafunguliwa, na kila kaya ina zamu yake ya kulifungua.

Ndani ya ndoo mlikuwa na karata. Zamani waliokota vikaratasi, lakini vikaratasi vililowa, majina yakafutika, na ugomvi ukafika mpaka kanisani. Karata hizi, za kupigia ramli, zilikuwa ngumu na za kung'aa, maji hayakuzifanya kitu. Mzungu mmoja aliyekwenda kutembea msitu wa Shengena alizisahau chini ya mto kwenye chumba cha wageni cha Agatha, akapanda bodaboda kuteremka Same, asirudi tena.

Mwanzo walitumia zote. Ila aliyeokota Mauti alikwenda nyumbani akalala bila kula, na aliyeokota Shetani alikuwa mzee wa kanisa, Sefania mwenyewe. Basi zile za picha kubwa zikatolewa, zikabaki zenye vitu vya kuhesabika: fimbo, vikombe, panga na sarafu, kuanzia mbili hadi kumi. Zikawa thelathini na sita, sawasawa na kaya za mfereji wa ndiva. Watu wakasema ni mpango wa Mungu.

Dorkas aliokota vikombe kumi. Vilikuwa vimejipanga juu ya upinde wa mvua, na chini yake mume na mke wameinua mikono, watoto wawili wanacheza. Dorkas alikuwa mjane, na binti yake Careen alikuwa ameolewa Arusha. Aliifunga karata kwenye pindo la kanga, akaenda kupalilia.

Picha haikumshughulisha. Kilichomshughulisha ni kwamba tangawizi yake ilikuwa imekauka misimu miwili mfululizo, na wazee wa ukoo wa marehemu mumewe walikwisha sema wazi: shamba likikauka mara ya tatu, linarudi kwenye ukoo. Kurudi kwenye ukoo maana yake ni kwenda kwa Anold, mdogo wa marehemu, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa maji. Kila zamu ya Dorkas ilipofika, ndiva ilikutwa haijafika hata nusu. Anold alikuwa akisema ni kaa, wametoboa ukuta.

Wenyewe wa karata walianza kufika wiki ile ile. Kila karata ina mapepo wawili, wa mchana na wa usiku, na karata inapokwenda wao huifuata, hata ichelewe namna gani. Walipanda kwa miguu kutoka Same, kwa sababu vijana wa bodaboda waliwakataa wenye kwato. Walisema kwato zinachana siti.

Kwa Agatha na mumewe Hezroni, walioshika vikombe viwili, alifika mmoja mwenye miguu mitano iliyomzunguka kichwa kama spoku za baiskeli, mjuzi wa dawa za majani. Wakampa mbuzi awachunge, akawa anatembea kwa kuviringika. Vikombe viwili maana yake ni wawili kupatana, na kweli tangu siku ile mke na mume hawakugombana tena, maana kila mmoja alikuwa amepata mtu wa tatu wa kumlalamikia. Sefania alizunguka nyumba kwa nyumba na Biblia yake kuuliza kama wageni wana nia ya kuwaingia watu. Walimjibu kwamba hawana, kazi waliyopewa ni ya karata tu. Aliwaomba Jumapili wakae viti vya nyuma, wakakubali.

Wa mchana wa Dorkas alikuwa bundi mwenye miguu mirefu kama ya korongo, na taji dogo lililokaa upande. Dorkas alimkuta amesimama katikati ya tangawizi. Akamwamkia, kwa kuwa alionekana wa zamani sana.

"Shikamoo."

Bundi alifikiri kidogo. "Marahaba."

"Karata yangu inasemaje?"

"Furaha ya nyumba nzima."

"Nyumba ipi?"

"Haisemi," bundi akajibu.

Alikuwa na elimu ya mizizi na ya nyota. Alimwonyesha Dorkas magugu ya kung'oa na ya kuacha. Jua la saa sita lilipowaka sana alikunjua bawa lake la kushoto, na chini ya lile bawa kulikuwa na usiku mzima, na nyota zote mahali pake, na ubaridi ukitoka. Dorkas aliweka jembe chini, akatazama mpaka shingo ikamuuma. Nyingine hakuwa ameziona tangu akiwa mtoto mdogo, alipokuwa akibebwa mgongoni. Alimuuliza kama ana mvua humo ndani. Bundi akasema hana, mvua ni ya karata nyingine.

Siku moja kabla ya zamu yake, jua likizama, alifika yule wa usiku. Huyu alikuwa mwanamume wa kawaida, amevaa koti, ameshika nyoka mkononi kama mtu anavyoshika mkanda alioununua sasa hivi mnadani. Alijitambulisha kuwa anaitwa Andromali, jina ambalo kule Upareni lingeweza kabisa kuwa la shemasi. Dorkas alimpa kigoda na kikombe cha chai ya tangawizi. Alikunywa yote.

"Kazi yangu ni wezi," alisema.

"Kwangu mimi ni kaa," Dorkas akamwambia. "Wametoboa ukuta."

"Mama, sijawahi kuitwa kwa ajili ya kaa."

Walikwenda pamoja mpaka ndivani. Watu walikuwepo, wenye madumu, wenye ng'ombe, na Anold akiangalia kimo cha maji kwa fimbo. Andromali aliwapa watu wote mikono, akauliza hali za nyumbani, kisha akamweka nyoka juu ya maji. Nyoka akazama bila kutikisa maji.

Kitambo kidogo hakikuonekana kitu. Halafu chini ya ukuta, upande wa mkono wa kulia, udongo ukaanza kung'aa. Mwanga ulikuwa wa rangi ya maji yanapopigwa na jua la asubuhi, ukawa unakwenda chini ya ardhi taratibu, kwa mwendo wa nyoka. Ulipita chini ya njia, chini ya migomba ya Sefania, chini ya makaburi mawili ya zamani, na kokote ulikopita ardhi ilikuwa kama kioo, mizizi ikionekana inaning'inia na kunywa. Ng'ombe waligeuza vichwa wote pamoja. Wanaume walivua kofia. Mwanga uliingia kwenye shamba la Anold, ukasambaa, na kila jani la tangawizi yake likawaka.

Haukuishia hapo. Maji ya misimu iliyopita nayo yalijitokeza. Yaliwaka kwenye bati la nyumba ya Anold, kwenye madirisha yake ya vioo, kwenye mashavu ya watoto wake waliotoka mlangoni kutazama. Mlima mzima ulionekana kwa ndani, na Dorkas alisimama akiyatambua maji yake moja moja, kama mtu anavyowatambua ndugu zake kwenye arusi. Hakujua kwamba yalikuwa mengi kiasi kile, wala kwamba yalikuwa mazuri kiasi kile.

Anold naye alikuwa amevua kofia. "Ni bomba la inchi mbili," alisema. "Nililitia wakati ule wa kujenga ukuta. Shemeji, ningekwambia, ila ulikuwa msibani."

Watu walikaa kwenye majani palepale, wakalizungumza jambo lile kama kamati. Wote walikubaliana kwamba maji ni ya mama Careen na kwamba yameibiwa, na Sefania akalirudia neno hilo, yameibiwa, ili lisije likasahaulika. Dorkas akauliza kama bomba litang'olewa.

Hezroni ndiye aliyejibu, akiangalia viatu vyake. Alisema Fuso la mnunuzi linapanda kutoka Same kwa sababu ya mzigo wa Anold. Magunia ya wengine yanapata tu nafasi juu yake. Tangawizi ya Anold ikipungua, Fuso halitapanda, na hapo kila mtu ataiteremsha yake kichwani. Bomba likaachwa. Sefania aliomba, akashukuru kwa ajili ya mwanga.

Dorkas alimgeukia Andromali. "Wewe si ndiye wa wezi? Mbona hufanyi kitu?"

"Mimi humleta mwizi mpaka mbele ya aliyeibiwa," alisema kwa upole. "Huyu nimemkuta ameshafika. Anakuita shemeji."

Asubuhi yake Dorkas alifungua ndiva, maji yakafika katikati ya mfereji, yakaishia hapo. Bundi alimfunika kwa bawa wakati akipalilia, lakini nyota hazinyweshi. Tangawizi ilikauka mara ya tatu. Wazee wa ukoo walikuja na kamba kupima shamba, wakaja jioni makusudi, kwa kuwa mwanga wa chini ya ardhi, ambao haukuzimika tangu siku ile, ulionyesha mipaka vizuri kuliko jua. Karata ilifuata shamba, na mapepo wakafuata karata. Kwa Anold sasa, jioni zote, watoto wanacheza uani, mke na mume wameinua mikono, na bundi amesimama karibu nao, taji lake upande.

Dorkas aliachiwa nyumba. Siku hizi anapalilia mashamba ya watu kwa kibarua. Magharibi anarudi kwa njia ya juu ya bomba, ambayo haina giza tena, na watoto wa shule hukaa pembeni ya njia hiyo wakifanya hesabu zao za nyumbani. Wageni wanapanda kutoka Same kuja kuiona. Wanawake wanaopishana naye, na madumu yao kichwani, husimama kidogo kutazama chini.

"Maji yako yanapendeza, mama Careen," humwambia.

"Asanteni," Dorkas hujibu na kupita.